Kamba ya Nolasko

Kila alipotoka bustanini, kabla hata ya kuvua viatu, Gaudensia Mbano alikwenda kuvutana na mume wake.

Alisimama mbele ya ukuta wa chumba, akatanua miguu, akashika vishikio viwili vilivyochomoza ukutani, akavuta. Kamba zikatoka polepole. Zilikuwa nzito mwanzoni, zikasita kidogo katikati, kisha zikakaza tena. Pale kwenye kusita ndipo alipokuwa Nolasko. Bega lake la kushoto liliteguka akiwa kijana, alipoanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Matogoro, na tangu siku hiyo hakuwahi kuvuta kitu chochote bila kusita hapo katikati.

"Nimerudi, Baba Kandida," alisema. "Nyanya zimeiva zote kwa mpigo. Kesho watu watakula nyanya mpaka waichukie rangi nyekundu."

Kamba ikamvuta mbele kidogo, kama alivyokuwa akifanya Nolasko akiambiwa habari isiyomhusu sana. Naye akajikaza, akairudisha. Walivutana hivyo huku na huku, bila haraka, mpaka jasho likamkusanyikia kidevuni na kukaa hapo likiwaza, maana huko hata jasho hudondoka likipenda. Mwishoni kamba ikalegea, vishikio vikafika kifuani pake, na taa ndogo ya kijani ikawaka juu ukutani. Ameshinda.

"Unazeeka, mume wangu," alimtania, akaenda kuvua viatu.

Nolasko alikuwa na mwaka wa tatu kaburini.

*

Aliyezaliwa duniani na kuzeekea duniani hawezi kuijua adha ya mwili usio na mzigo. Mji wa Ukingoni umejengwa mwezini, juu ya mdomo wa shimo kubwa, mahali ambapo jua halizami kabisa. Linazunguka tu chini chini pembeni, mwaka mzima, kama mtu aliyepoteza funguo. Dunia yenyewe inaonekana upande mmoja, ya buluu, imekaa juu ya vilima vya vumbi, mara inachungulia, mara inajificha. Huko gunia la mahindi unaliinua kwa mkono mmoja huku unapiga soga. Wageni hufurahi sana. Huruka, hubebana mgongoni, hujiona wamezaliwa upya. Lakini mwili nao una akili zake: ukiona hauna cha kubeba, unaanza kuitupa mifupa. Mtu anakaa miaka akijisikia kijana, kumbe ndani amebaki bua.

Ndiyo maana kila chumba Ukingoni kilifungwa mashine ya kuvuta. Vyuma vya kunyanyua havikufaa, kwa kuwa navyo huko ni vyepesi. Nguvu ilitoka kwenye mota zilizofichwa ukutani, na mota haijali kama uko mwezini au Makambako. Tatizo lilikuwa watu. Baada ya mwezi mmoja wa juhudi, mashine karibu zote ziligeuka za kuanikia soksi. Hapo ndipo wahandisi walipokubali jambo ambalo bibi yeyote angewaambia bure, kwamba mtu hawezi kuvutana na ukuta maisha yake yote. Lakini kuvutana na mtu wake anaweza. Wakaifundisha mashine kuukariri mvuto wa kila mwenye chumba, anavyoanza, anavyochoka, anavyodanganya, ili mume avutane na mke hata kama mmoja wao yuko kazini.

Na Nolasko na Gaudensia walikuwa na ndoa ya zamu. Mume alichimba barafu chini shimoni, kwenye giza ambalo halijawahi kuliona jua. Mkewe alilima bustani ya kioo juu ukingoni. Walipishana mlangoni, mmoja ananukia majani ya nyanya, mwingine ana baridi kwenye nguo mpaka unaisikia kwa mbali. Wakaulizana habari, wakagusana mashavu, basi. Ndoa yenyewe iliishi kwenye kamba. Gaudensia alijua mumewe amegombana na msimamizi kabla hajaambiwa. Nolasko alijua mkewe amenuna kabla hajamwona.

Kisha siku moja Nolasko alilala baada ya zamu na hakuamka. Moyo, walisema. Watu waliambiwa, redio ya mji ikatangaza, kaburi likachimbwa kwenye vumbi laini la kijivu. Mashine peke yake ndiyo iliyosahauliwa kuambiwa, nayo ikaendelea kumpokea Gaudensia kila siku kama kawaida.

*

Kandida, binti yao pekee, walimwacha Songea kwa bibi yake akiwa bado anang'oka meno ya utoto, kwa mkataba mfupi uliozaa mkataba mwingine, nao ukazaa mwingine. Sasa Kandida mwenyewe alikuwa na mtoto wa kiume. Alimpa jina la babu yake, Nolasko, na mtoto alikuwa ameanza kutembea na kuvunja vyombo. Siku Gaudensia alipomwona kwenye kioo cha simu akiburuta sufuria, alikata shauri. Atarudi nyumbani. Atambeba yule mtoto kwa mikono yake mwenyewe.

Kurudi hakukuwa na masharti mengi. Kulikuwa na chumba cha mzunguko tu, kule zahanati: chumba cha duara kinachozungushwa kwa kasi mpaka mwili unakuwa na uzito wake wa duniani. Unatembea duara moja, unainua mfuko wa mchanga ulio sawa na mtoto mdogo, unauweka mezani, unapewa ruhusa. Gaudensia aliingia kwa maringo. Mtu anayewashiwa taa ya kijani kila siku ataogopa nini?

Chumba hakijafika hata nusu ya kasi, magoti yalikunjika akakaa chini kama mzigo uliotuliwa. Mfuko wa mchanga hakuugusa.

Daktari Mshihiri, kijana mpole wa Tanga aliyekuwa na desturi ya kusema mabaya huku anatazama viatu vyake, alimsaidia kuinuka.

"Mama Kandida, samahani. Mazoezi unafanya kweli?"

"Kila siku ya Mungu. Na nashinda."

"Unamshinda nani, mama?"

Daktari akatazama viatu.

"Kwa hali hii ukishuka kule, nyonga itavunjika kabla hujamaliza ngazi za chombo. Na chombo cha mwakani ndicho cha mwisho ninachoweza kukuruhusu. Baada ya hapo mifupa haitarudi tena, hata ufanyeje, utakuwa mtu wa huku moja kwa moja. Lakini ukianza sasa kuvuta uzito wa kweli, utaweza. Nakuambia kweli, utaweza. Kuna kitu hakiko sawa kwenye mashine yako. Nitamtuma fundi."

Gaudensia alijua fundi atakuwa nani, na alirudi nyumbani kwa hatua ndefu za kuelea akiwa na aibu na hofu, vyote viwili.

*

"Hodi hapa kwa wala panya!"

"Panya huku hakuna, Mhehe wewe. Na mbwa pia hakuna, sijui unaishije."

"Kwa kumeza mate, mtani. Nipishe."

Fundi Sikujua Kikoti aliingia na mkoba wake wa vifaa. Mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde ingawa Ukingoni hakuna bonde la kuitia mtu. Yeye Mhehe, mwenyeji wake Mngoni, na kila mtu anajua Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka heshima ikawageuza watani. Mtani atakutukana mchana kweupe, akuite mla panya nawe umwite mla mbwa, na hununi. Tena ukifiwa ndiye anayekuja kufanya yale ambayo ndugu hawawezi: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anadai chakula chake, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Watu hucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Kisha anazivua zile nguo, na kila mtu anaelewa, hata aliyekuwa hataki, kwamba mwenyewe ameondoka.

Siku ya msiba wa Nolasko, Sikujua alikuja mlangoni kuomba koti. Gaudensia alisimama kizingitini akamwambia, mbele za watu, "Huku si Songea. Sitaki vichekesho juu ya maiti ya mume wangu." Sikujua akarudi kwake. Tangu hapo walitaniana, ndiyo, lakini utani wa juu juu, kama chai iliyokosa sukari.

Fundi alifungua kifuniko cha ukutani, akaunganisha kipimo chake, akamwambia Gaudensia avute. Gaudensia akavuta. Kamba ikasita katikati, ikakaza, ikalegea. Taa ya kijani. Sikujua akatazama kipimo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huyu ni Nolasko," alisema, na safari hii sauti yake haikuvuka chumba.

"Ni mashine."

"Mtani, mimi ndiye ninayezitengeneza. Huyu ni Nolasko, na anakuachia."

"Ananiachia nini?"

"Unashinda kwa sababu anakuachia. Sikiliza. Mota zinaweza kukuvuta kwa uzito wa dunia nzima zikitaka. Lakini hizi zimekariri mtu. Mume wako akiwa hai, siku nyingine alikukazia, ukanuna wiki nzima, sisi wote tukajua. Siku nyingine, akisikia umechoka au unalia, alilegeza. Mashine ikalishika hilo: huyu mama akilia, legeza. Yeye angebadilika, maana mtu hubadilika. Mashine inaendeleza tu." Alichomoa waya wa kipimo, akauviringisha kidoleni. "Tangu msiba, umelia mara ngapi ukiwa umeshika hivyo vishikio?"

Gaudensia alikaa kitandani. Hewa ya kwenye mabomba ilikuwa inavuma taratibu, na kwa muda alidhani anasikia mvua.

"Irekebishe basi. Ikaze, ila yeye abaki."

"Haiwezekani. Nimeshaulizwa na wengine. Hakukaa mahali pamoja humo ndani kwamba nimtoe nimweke pembeni. Ni kama njia ya miguu kwenye majani, huwezi kuikunja ukaweka kabatini. Ama ninaifuta yote, ianze upya na uzito wa kweli, ama inabaki hivi hivi."

"Basi nije kuvuta mashine ya kwako."

"Mashine ni kama mswaki, mtani, haiazimwi. Ya kwangu inayajua mapaja haya ya Kihehe. Itakuvunja siku ya kwanza."

Sikujua hakucheka, naye Gaudensia hakucheka. Kwenye rafu palikuwa na koti la Nolasko la shimoni, lile nene lenye mikono ya rangi ya chungwa, limekunjwa vilevile lilivyokunjwa siku ile. Fundi alilitazama mara moja.

"Unataka nimuue mara ya pili," alisema Gaudensia.

"Mimi sitaki kitu. Wewe ndiye unayetaka kwenda kwenu."

"Toka!" Gaudensia aliinuka kwa nguvu mno, miguu ikaacha sakafu, akabaki anaelea na hasira zake kwa kitambo kabla ya kutua. "Toka nyumbani kwangu!"

Sikujua akachukua mkoba wake, akatoka, na mlangoni alisema tu, "Haya, mtani," kwa upole uliomuudhi Gaudensia kuliko tusi lolote.

*

Alipobaki peke yake, Gaudensia alivishika tena vishikio. Alitaka kumthibitishia yule Mhehe kwamba anasema uongo.

Safari hii hakuvuta kwa mikono. Alichomeka kidole kimoja kwenye kila kishikio na kuvuta kidogo sana, kama anayemvuta mtoto nguo. Kamba zikaja. Zikasita katikati, kwa adabu, zikaja tena mpaka kifuani. Taa ya kijani ikawaka.

Alisimama na vile vidole viwili, akaitazama ile taa. Kwa hiyo ndiyo maana siku hizi hachoki. Kwa hiyo kila alipojisifu, alikuwa anajisifu mbele ya mtu aliyeketi tu na kumtazama bila kuvuta. Moyo ulimuuma, kisha likaja wazo lililomuuma zaidi: labda Nolasko hakutaka yeye aondoke. Labda ndivyo wafu wanavyokubakiza, hawakufungi kamba, wanailegeza tu. Alijua wazo hilo ni dhuluma kwa mtu aliyempenda. Hata hivyo lilikaa naye mpaka alipolala, na usingizini alimwona Nolasko amebeba baiskeli begani, anapanda Matogoro, hageuki.

Alipoamka simu ilikuwa inaita. Kandida.

Sauti kutoka duniani hufika imechelewa kidogo, pumzi moja, na jibu lako linachelewa vilevile, kwa hiyo mazungumzo ya huko yana ukimya ndani yake ambao si wa mtu yeyote. Kandida alikuwa jikoni Songea. Nyuma yake jogoo aliwika, kuku wakagombana. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kitenge, anavuta nywele za mama yake.

"Shikamoo, mama. Daktari amesemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Amesema... bado kidogo."

Ukimya ule usio wa mtu ukapita.

"Kidogo kiasi gani, mama?"

Gaudensia alitaka kusema mwakani. Alitaka kusema sijui. "Huyo mjukuu wangu siku hizi mzito?" aliuliza.

Kandida akacheka, akafungua kitenge, akamshika mtoto kwapani akamwinua mbele ya simu. Mtoto akajaa kioo chote, mashavu, udenda, jino moja.

"Mzito mama, we acha tu! Kama gunia la mpunga. Mgongo wangu umekwisha. Nakusubiri wewe uje unipokee." Akamgeukia mtoto. "Mwambie bibi, njoo unibebe. Mwambie."

Mtoto akanyoosha mikono kwenye kioo. Gaudensia naye akanyoosha ya kwake, na akaitazama mikono yake hiyo, mizuri, laini, isiyozoea uzito, ambayo isingeweza kumwinua huyo mtoto hata kidogo. Alilia wazi, bila kujificha. Kwa kule kuchelewa kwa picha na sauti, Kandida aliendelea kucheka kidogo kabla machozi ya mama yake hayajamfikia.

*

Sikujua alikuwa anakunywa uji aliposikia hodi. Alifungua. Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni amelikumbatia lile koti la shimoni.

"Nilikukosea siku ile," alisema. "Njoo ufanye."

"Nifanye nini?"

"Usinisumbue, Mhehe. Unajua."

Sikujua aliweka bakuli chini. Alilichukua koti, akalinusa, akatikisa kichwa. Kisha akalivaa. Mikono ya rangi ya chungwa ikapita viganja vyake ikaning'inia. Na hapo hapo, kabla hata hawajatoka, alibadilika: bega la kushoto likashuka, kidevu kikatangulia, na akaanza kutembea kwa ile hatua ya Nolasko ya kukanyaga kwa kisigino kama mtu anayepima kama sakafu ni imara. Gaudensia alimfuata kwenye korido nzima akiwa ameziba mdomo. Majirani walitoka milangoni. Mmoja akasema "Yesu wangu!" na kufuta macho, mwingine akaanza kucheka.

Chumbani, Sikujua aliketi kwenye kiti cha marehemu na kupiga meza.

"Mama Kandida! Chakula!"

"Kuna nyanya."

"Nyanya?" Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya kulalamika kupitia puani. "Nyanya tena? Nimetoka shimoni nimeganda kama samaki, napewa nyanya? Jana nyanya. Juzi nyanya. Nikifa mtanizika na nyanya!"

Gaudensia alikasirika. Damu ilimpanda, akafungua mdomo kumfukuza kama siku ile. Kilichotoka ni kicheko. Kilimtoka tumboni, kikubwa, cha aibu, kikamkunja mpaka akashika ukingo wa kitanda, maana ni kweli, ni kweli tupu, yule mwanamume alilalamikia nyanya mpaka siku yake ya mwisho. Alicheka na kulia pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kumkumbuka mume wake kama alivyokuwa, msumbufu, mchoyo wa blanketi, si ule ukuta unaomkubalia kila kitu.

Sikujua akalala sakafuni mbele ya mashine, akatanua mikono na miguu.

"Siondoki hapa mpaka nipewe changu."

"Nini chako?"

"Nyanya. Beseni zima."

"Si unazichukia?"

"Aliyezichukia ni marehemu. Mimi nina njaa."

Gaudensia akaleta beseni. Kisha akaruka mwili wa mtani wake, akasimama mbele ya ukuta, akashika vishikio. Sikujua akainuka taratibu, akafungua kifuniko, akaweka kidole karibu na swichi ya kufuta, akangoja. Bado alikuwa amevaa koti.

"Baba Kandida," alisema Gaudensia. Akavuta.

Kamba zikatoka. Nzito mwanzoni. Zikasita katikati, pale pale, pa bega na baiskeli na Matogoro. Alikaa hapo kwenye kusita kadiri alivyoweza. Kisha, badala ya kuvuta, akaachia. Alilegeza vidole, mikono, mabega, akaufuata mvuto wa mumewe hatua kwa hatua, na kamba zikarudi nyumbani kwao mpaka vishikio vikagusa ukuta. Tangu afike mwezini hakuwahi kumwachia hata mara moja.

"Leo umeshinda," alisema. "Nenda ukapumzike."

Alimtazama Sikujua, akanyoosha mkono mwenyewe, akakisogeza kidole cha fundi pembeni na kubonyeza. Mota zikanguruma kidogo na kunyamaza. Sikujua akalivua koti, akalikunja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mwenye koti ameondoka," alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Gaudensia aliliweka kitandani. Akarudi kwenye vishikio, akavuta. Kamba haikusogea. Akavuta tena, mishipa ikamtoka shingoni, na kamba ilikaa kimya ukutani kama haijawahi kumjua. Haikuwa na huruma wala chuki. Hakuna alichowahi kukishika mwezini kilichokuwa kigumu hivyo.

"Mla mbwa we!" aliifokea.

"Naam?" aliitika Sikujua, mdomo umejaa nyanya.

Kamba ikatoka upana wa kidole.

*

Mwaka ulizunguka na jua lake pembeni. Gaudensia alivuta kabla ya kazi na baada ya kazi. Viganja vilichubuka, vikaota sugu. Kuna siku alilala chini baada ya kuvuta na kuichukia Songea, na mjukuu, na yule daktari wa viatu. Sikujua alikuja kukagua mashine mara kwa mara zaidi ya ilivyotakiwa na kula kila alichokikuta.

Siku moja, kamba ilipofika katikati, Sikujua alikunja uso.

"Ngoja. Rudia hapo."

Gaudensia akarudia. Kamba ikatoka, ikasita katikati, ikaendelea. Fundi akafungua kifuniko haraka, akaunganisha kipimo, akatazama, akatazama tena.

"Mbona inasita? Mimi nilifuta yote."

"Kwani mbovu?"

"Hapana. Mota zinavuta sawasawa mwanzo mpaka mwisho, hazina hata mkwaruzo." Alishusha kipimo. "Hii si mashine, mtani."

Gaudensia aliikunja na kuikunjua mikono yake, akiitazama.

Wiki ya chombo kuondoka aliingia kwenye chumba cha mzunguko. Daktari Mshihiri alisimama nyuma ya kioo. Chumba kikazunguka, na uzito ukaja kama alivyoukumbuka utotoni akitoka kisimani na ndoo kichwani, ukishuka shingoni, mgongoni, magotini. Magoti yakashika. Alitembea duara zima, miguu ikikanyaga kweli kweli. Akainama, akaukumbatia mfuko wa mchanga, akaanza kuinuka nao. Katikati mikono ikasita. Mfuko ukaning'inia hapo, si juu si chini, na nyuma ya kioo daktari akashika swichi ya kusimamisha.

Kisha mikono ikakaza tena, ikaupandisha mfuko mpaka kifuani, ikaubeba mpaka mezani, ikauweka taratibu kama kitu kinacholala.

Chumba kiliposimama, daktari alikuja mbio.

"Hongera, mama! Hongera sana. Ila pale katikati nimeogopa. Bega la kushoto linakusumbua?"

Gaudensia alikuwa anahema, jasho linamtiririka, anatabasamu.

"Hapana, daktari," alisema. "Hilo si langu. Ni la mume wangu. Naenda nalo nyumbani."